Lawama Haishushi Sukari

Katika kliniki nyingi za akina mama wajawazito ipo kauli moja ambayo sasa imekuwa kama wimbo: "Mama, sukari yako iko juu. Punguza wanga, acha vitu vitamu, urudi baada ya wiki mbili." Kauli hiyo haichukui hata nusu dakika kutamkwa. Mama huipokea pamoja na kadi yake, hutoka nje ya mlango, na tangu hapo huachwa peke yake. Hakuna aliyemweleza wanga ni kitu gani katika sufuria ya nyumbani kwake, apunguze kiasi gani, wala aweke nini mahali pa kile alichokipunguza. Baada ya wiki mbili anarudi na sukari haijashuka. Hapo ndipo hupokewa kwa karipio: mama huyu ni mkaidi, mama huyu hamjali mtoto wake, mama huyu anapenda kula.

Karipio hilo si tiba. Ni njia rahisi ya kuutua wajibu uliokuwa mabegani mwa watu wengi na kumtwika mtu mmoja ambaye tayari amebeba mimba. Kisukari cha mimba ni ugonjwa ambao, kwa akina mama walio wengi, hudhibitiwa kwa mpango wa chakula na kwa mazoezi ya mwili kabla ya dawa yoyote kuhitajika. Lakini sahani ya mama mjamzito haimo mikononi mwake peke yake. Imo pia mikononi mwa mumewe, mwa mama mkwe wake, mwa mkuu wake wa kazi, mwa muuguzi wake, na mwa wale wanaopanga vifaa gani vinunuliwe kwa ajili ya zahanati. Maadamu wote hao wamekaa kando wakinyoosha vidole, ni dhuluma kumhukumu mama.

Yafaa kwanza ugonjwa wenyewe ueleweke, maana lawama hustawi pale ambapo elimu haipo. Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa vichocheo ambavyo hupunguza nguvu ya insulini, yaani ile kemikali itokayo katika kongosho na kuiwezesha sukari ya damu kuingia katika chembechembe za mwili. Hilo ni jambo la kawaida katika kila mimba. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza kazi yake na mizani hubaki sawa. Kwa wengine kongosho halimudu, na sukari hupanda. Sukari hiyo huvuka kondo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, nayo humnenepesha kupita kiasi. Matokeo yake ni mtoto mkubwa ambaye bega lake laweza kukwama wakati wa kuzaliwa, upasuaji ambao ungeweza kuepukwa, na hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba kwa mama. Kisha, saa chache baada ya kitovu kukatwa, sukari ya mtoto yaweza kuporomoka, kwa sababu kongosho lake bado linatoa insulini nyingi ilhali sukari iliyokuwa ikitoka kwa mama imekatika.

Katika maelezo hayo hakuna mahali palipotajwa ulafi. Ni kweli kwamba unene, umri mkubwa, kisukari katika ukoo, au kuwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi huongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa huu. Lakini wapo pia wanaoupata bila ya kuwa na lolote kati ya hayo. Anayemtazama mama kwa jicho la mashaka na kumuuliza amekula nini, anauliza swali kabla ya kujua jawabu linatafutwa wapi.

Wapo wanaodai kwamba kisukari ni ugonjwa wa wakubwa, na kwamba nchi yenye malaria na upungufu wa damu haina nafasi ya kushughulikia maradhi ya walioshiba. Madai hayo yalikuwa na kisingizio zamani. Mwaka 1989 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ambamo watu wazima wenye kisukari hawakufikia hata mmoja katika kila 100. Mwaka 1991 wataalamu waliowachunguza wajawazito wa vijijini waliripoti kwamba hawakuona uwezo wa mwili kuimudu sukari ukipungua kwa sababu ya mimba. Huo ulikuwa ukweli wa wakati ule. Tatizo ni kwamba wako waliokariri ukweli wa wakati ule na kugoma kufungua ukurasa mwingine.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mwaka 2014 zikachapishwa habari za utafiti mwingine, uliowapima wajawazito 910 wa mjini na vijijini humu humu Tanzania. Vijijini, kisukari cha mimba kilikuwa kwa mama 1 katika 100. Mjini kilizidi mama 8 katika 100. Damu ya Mtanzania haikubadilika kati ya 1991 na 2014. Kilichobadilika ni maisha yake. Dona limepisha sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe kama chaki. Soda imeingia katika kila sherehe. Kazi ya kukaa imekuwa ndiyo kazi ya heshima, na safari ya nusu saa kwa miguu imekuwa safari ya dakika tano kwa pikipiki. Wanaoishi maisha hayo si matajiri. Ni karani wa halmashauri, ni muuza genge, ni mwalimu wa shule ya msingi.

Jambo la pili linalohitaji kusemwa bila kuuma maneno ni la upimaji. Katika vituo vingi vya ngazi ya chini, mama mjamzito akipimwa sukari, hupimwa kwa mkojo. Kipimo hicho ni rahisi, lakini katika mimba hakitoshi. Figo za mjamzito huweza kupitisha sukari katika mkojo ilhali sukari ya damu ni ya kawaida, na mama akatishwa bure. Kinyume chake, mwingine huwa na sukari nyingi katika damu na mkojo usionyeshe kitu, naye akaambiwa aende zake salama. Kumtegemea mkojo katika jambo hili ni sawa na kumtegemea jirani akueleze yaliyomo ndani ya nyumba yako.

Viwango vinajulikana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, ambao ulihusu wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba kadiri sukari ya mama inavyopanda ndivyo madhara yanavyoongezeka, hata kabla ya kufikia kile ambacho zamani kiliitwa kisukari. Kutokana na ushahidi huo, Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake mwaka 2013. Mama hupimwa asubuhi kabla ya kula, kisha hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, na kupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Sukari ikifikia milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, basi kimojawapo tu chatosha kumtambulisha mgonjwa. Wakati unaofaa kwa kipimo hicho ni kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya mimba, na mapema zaidi kwa aliye katika hatari. Mama asiyepimwa wakati huo hujulikana siku ya uchungu, mtoto anapokataa kutoka.

Hata baada ya kupimwa, mama huyo anahitaji kujipima mara kwa mara ili ajue chakula gani kinamfaa. Lengo ambalo waganga wengi hulifuata ni sukari iwe chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 saa mbili baada ya kula. Bila kijimashine cha kupimia na vijikaratasi vyake, maneno "punguza wanga" ni amri ya kutembea gizani. Mama hawezi kujua kama ni uji wa asubuhi uliompandisha au ni wali wa jana jioni.

Sasa na ije hoja ya chakula chenyewe. Wapo waelekezaji ambao humpa mama orodha iliyonakiliwa katika vitabu vya nchi za nje, yenye majina ya vyakula ambavyo havijawahi kufika katika soko la wilaya yake. Mama huikunja orodha hiyo na kuisahau, naye ana haki. Chakula kinachofaa kipo hapa hapa. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, majani ya kunde. Robo iwe kitoweo cha kujenga mwili: dagaa, samaki, maharage, choroko, mayai, kuku. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi, muhogo au viazi. Dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu makapi yake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Lakini dona nalo ni wanga, na mlima wa dona ni mlima vile vile. Matunda yaliwe, tena yaliwe mazima na kwa kiasi, si kukamuliwa kuwa juisi. Asali ni sukari, hata kama imetoka mzingani. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ipatayo gramu 35, ambayo hukaribia vijiko tisa vya chai. Hakuna mtu ambaye angekubali kuitia sukari hiyo yote katika kikombe kimoja.

Tena chakula hicho kigawanywe: milo mitatu ya kiasi na vitafunio viwili au vitatu katikati yake. Asubuhi ndipo mwili wa mjamzito unapokuwa mgumu zaidi kwa sukari, kwa hiyo ndipo wanga unapostahili kuwa mdogo zaidi. Na baada ya kula, mwendo wa dakika 10 au 15 kwa miguu huishusha sukari kwa namna ambayo mama ataiona mwenyewe katika kipimo chake.

Lakini kupunguza si kufunga. Hapa ndipo kauli ya nusu dakika inapofanya madhara makubwa kuliko ukimya. Mama aliyetishwa huacha kula. Mwili wake, ukikosa wanga, huanza kuyeyusha mafuta na kutoa asidi katika damu, na mtoto hukosa chakula cha kumkuza. Wataalamu hukadiria kwamba mjamzito anahitaji wanga usiopungua gramu 175 kwa siku. Kwa hiyo anayemwambia mama "acha ugali" bila kusema zaidi, hajamfundisha lishe. Amempa njaa na kuiita dawa.

Hapo pana siri ambayo wanaume wengi hawapendi itajwe. Katika nyumba nyingi kitoweo kizuri humwendea baba. Kipande kikubwa cha samaki ni chake, paja la kuku ni lake, na mama hujazia tumbo lake kwa ugali na mchuzi. Kumwambia mama huyo apunguze ugali bila kumrudishia samaki wake ni kumwamuru alale njaa. Mume anayedai kwamba anampenda mwanawe aliye tumboni, na apime mapenzi hayo kwa kutazama sahani mbili zilizowekwa mezani. Mama mkwe naye, ambaye husema kwa nia njema, "Mwanangu, kula, unakula kwa ajili ya wawili," anastahili kuelimishwa kwa heshima. Yeye alizaa katika zama za jembe na maji ya mtoni. Ushauri wake haukuwa na kosa kwa mwanamke aliyelima tangu alfajiri hadi adhuhuri. Una kosa kwa mwanamke anayekaa dawatini kutwa.

Na itazamwe siku ya mwalimu mmoja mjamzito, ambaye yuko katika maelfu ya shule. Huamka saa 11 alfajiri, na kabla ya saa 1 yuko shuleni bila ya kula. Saa 4 hunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari pamoja na maandazi mawili, maana ndicho kinachouzwa pale. Kisha hufundisha akiwa amesimama hadi alasiri. Hufika nyumbani saa 10 akiwa na njaa kali, na hapo sahani ya wali hujaa pomoni. Usiku ni ugali. Ratiba hiyo ni kinyume kabisa cha yote anayoelekezwa kliniki: njaa ndefu asubuhi, sukari tupu wakati wa chai, na milo miwili mizito mwisho wa siku. Akijaribu kuirekebisha, akaja na yai la kuchemsha na karanga katika kikopo ili ale saa 2 na nusu, huambiwa, "Mwalimu, darasani hapaliwi." Akiomba dakika kumi za kutembea uwanjani baada ya chai, huonekana anatega kazi. Akiomba ruhusa ya kwenda kliniki kila wiki mbili, huulizwa kama yeye ndiye wa kwanza kuzaa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ofisini hali si bora. Katika semina na mikutano ya watumishi, hata ile inayohusu afya, meza hupambwa kwa soda, sambusa, maandazi na pilau. Mtumishi mjamzito anayeomba maji na chungwa huambiwa anaringa. Mkuu wa idara ambaye huidhinisha fedha za viburudisho hivyo hushindwa kuona kwamba maji, karanga, mayai na matunda havimshindi mpishi yeyote. Ni uzembe, na uzembe wa kiongozi huwa sheria kwa walio chini yake.

Katika pengo hilo lililoachwa na waliopaswa kufundisha, huingia walaghai. Hawa huuza majani, unga na chupa zisizo na jina, wakiapa kwamba zinamaliza kisukari kwa siku saba. Ujasiri wao umejengwa juu ya hofu ya mama ambaye ameambiwa kwamba akishindwa chakula atachomwa sindano. Insulini imegeuzwa kuwa fimbo. Ukweli ni kwamba wako akina mama ambao hula kama walivyoelekezwa, hutembea kama walivyoelekezwa, na bado sukari yao haishuki, kwa kuwa vichocheo vya kondo vimelizidi nguvu kongosho lao. Hao huhitaji dawa, na insulini ni dawa ambayo imekuwa ikiokoa maisha tangu ilipogunduliwa huko Toronto mwaka 1921. Haivuki kondo kumdhuru mtoto. Kupewa insulini si adhabu wala si alama ya kushindwa.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni mazuri, ila hakuna fedha. Hoja hiyo ijibiwe kwa hesabu. Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uligawa wanawake 1,000 wenye kisukari cha mimba katika makundi mawili. Waliopata huduma ya kawaida tu, watoto wapatao 4 katika 100 walipatwa na madhara makubwa: kifo, bega kukwama, mfupa kuvunjika au mishipa ya fahamu kuumia. Waliopewa ushauri wa chakula, wakapimwa sukari na kupewa insulini pale ilipohitajika, madhara hayo yalishuka hadi kwa mtoto 1 katika 100. Kijimashine na vijikaratasi ni gharama. Upasuaji, kitanda cha wodi, mtoto mwenye mkono uliopooza na kaburi dogo ni gharama pia, isipokuwa hizo hulipwa na watu ambao hawakai katika vikao vya bajeti.

Wala kazi haiishi mtoto anapozaliwa. Kwa wengi sukari hurudi katika hali ya kawaida, na kila mtu husahau. Lakini mwanamke aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba ana hatari ipatayo mara saba au zaidi ya kupata kisukari cha kudumu baadaye, akilinganishwa na asiyewahi. Anapaswa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, na kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Katika wiki hizo hizo huja kliniki kwa chanjo ya mtoto. Mtoto hupimwa uzito, hudungwa sindano, huandikwa katika kadi. Mama aliyembeba haulizwi neno. Kunyonyesha kwenyewe humsaidia mama kujikinga na kisukari hicho, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili hiyo. Ni wakuu wangapi wa shule na wa idara wanaoitekeleza bila kununa?

Nchi hii haiwezi kujitetea kwamba haijui namna ya kufundisha watu wake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Mwaka huo huo ndipo ilipoundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakati huo redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Leo simu imo katika mfuko wa kila mtumishi. Waliofanya kazi ile walikuwa ni walimu na watumishi wa Serikali, yaani watu wale wale ambao leo wake zao, binti zao na wao wenyewe wanapokea kauli ya nusu dakika mlangoni mwa kliniki.

Kwa hiyo mambo yanayodaiwa hapa si makubwa. Kila mjamzito apimwe sukari ya damu kati ya wiki ya 24 na ya 28, si mkojo peke yake. Kila aliyekutwa na kisukari afundishwe sahani yake kwa vyakula vya soko lake, na mumewe awepo akisikia. Asiyeweza kununua kijimashine apimwe kituoni bila kuzungushwa. Mkuu wa shule ampe mwalimu mjamzito dakika kumi za kula na kumi za kutembea. Semina zianze kwa maji na karanga. Na mama akirudi baada ya wiki mbili sukari ikiwa bado iko juu, swali la kwanza asiulizwe yeye. Waulizwe wote waliotajwa hapo juu kila mmoja amefanya nini.